Sindimba Ilihama Peke Yake

Juni 2024 kampuni ya Real World ya Uingereza, ile iliyoasisiwa na Peter Gabriel, ilitoa albamu iitwayo Maisha. Wenye albamu ni wanawake wawili wa Bagamoyo, Pendo Zawose na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose. Wanajiita Zawose Queens. Kwa miaka mingi walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume wa nyumba yao. Safari hii nyimbo ni zao, sauti za mbele ni zao, na mikononi wameshika ala ambazo desturi ya Wagogo iliwaachia wanaume. Hukwe alifariki mwishoni mwa Desemba 2003. Miongo miwili baadaye nyumba yake bado inazaa wanamuziki wanaojulikana kwa majina.

Habari hiyo ilistahili kusomwa Mtwara kwa wivu kidogo. Kusini ndiko kulikotoka sindimba, ngoma ya Wamakonde ambayo pengine imechezwa mbele ya macho mengi kuliko ngoma nyingine yoyote ya Tanzania. Imechezwa uwanja wa ndege wageni wa serikali wakishuka, imechezwa kwenye mashindano ya shule na kwenye mikutano ya kampeni, imechezwa hata Sabasaba. Mtanzania aliyepita shule ya msingi ana kila nafasi ya kuwa amewahi kufungwa khanga kiunoni akaicheza, hata kama hajawahi kuvuka Rufiji. Sasa mwulize Mtanzania huyo amtaje mpigaji mmoja tu wa sindimba. Atakutajia kabila.

Kwa nini ilimba, ala ya Wagogo, ina ukoo unaojulikana Tokyo na London, na sindimba haina? Jibu linaanzia siku moja ya Desemba 1962.

Siku hiyo, tarehe 10, Julius Nyerere, aliyekuwa ameapishwa siku moja kabla kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alihutubia, na katika hotuba yake alitangaza kuanzishwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Aliwasuta wasomi waliojua kucheza rumba, twist na chachacha lakini hawajawahi hata kusikia gombesugu, mangala, kiduo au lelemama. Wizara ilianza kazi kwa kukusanya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma jijini Dar es Salaam, na wasanii wakatafutwa mikoani. Mgogo mmoja kutoka Dodoma, mwimbaji na mpiga ilimba ambaye sifa zake zilikuwa zimemfikia Nyerere mwenyewe, akaitwa. Huyo ndiye Hukwe Ubi Zawose.

Sindimba nayo iliitwa. Lakini namna ilivyoitwa ilikuwa nyingine.

Ili kuiona tofauti hiyo inabidi kurudi nyumbani, kwenye Uwanda wa Makonde unaotazama bonde la Ruvuma, Newala na Tandahimba juu, na chini pwani ya Mikindani, Msimbati na mlango wa mto. Huku ngoma ina mahali pake na msimu wake. Mavuno yakishaingia ndani, kati ya Juni na Agosti, watoto hupelekwa jandoni na unyagoni. Kibanda cha wali huitwa likumbi. Mwenye kuongoza mafunzo ya wasichana, nyakanga, ndiye maktaba: ana nyimbo za siku ya kuingia, za kufundisha adabu ya nyumba, za kumtania mwali mzembe, za kutoka. Upande wa wavulana wako wazee wenye kazi kama hiyo. Ngozi za ngoma hukazwa kwa moto wa majani makavu. Zipo ngoma ndefu za kusimama na zipo ndogo zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, mpigaji akazipiga kwa fimbo nyembamba. Siku ya wali kutoka, midimu huingia uwanjani, wachezaji waliovaa vinyago vya mti mwepesi na nguo zilizofunika mwili mzima. Upande wa Tanzania wapo hata wanaovaa kifua na tumbo la mti, tumbo la mwanamke mjamzito, huku anayecheza ni mwanamume. Wengine hucheza juu ya miti mirefu, vichwa vikilingana na mapaa.

Mjerumani Karl Weule aliyaona haya mwaka 1906. Vita vya Majimaji vilikuwa bado vinafukuta alipotoka Lindi kwenda Masasi, Newala na Mahuta akiwa na mashine mbili ambazo kusini hazijawahi kuonekana, moja ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, nyingine ya kupiga picha za sinema. Alirekodi nyimbo, akapiga picha wachezaji wa vinyago na wa miti mirefu, akaenda kushuhudia sherehe za unyago kadiri alivyoruhusiwa. Mitungi ikasafiri kwenda Ujerumani. Kwa hiyo sauti za watu wa uwanda huu zimehifadhiwa ng'ambo kwa zaidi ya karne moja, na wajukuu zao wengi walio Newala hawajazisikia. Ng'ambo ya pili ya Ruvuma kazi kama hiyo ilifanywa na Margot Dias, mwanamke aliyesomea muziki kabla ya kuwa mtafiti, aliyepiga filamu za Wamakonde wa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa na mumewe Jorge Dias. Mto wenyewe haukuwahi kuwa mpaka wa ngoma. Vita vya ukombozi vya FRELIMO vilipoanza mwaka 1964, maelfu ya Wamakonde wa upande ule walivuka kuja Mtwara, na vinyago vyao, wanavyoviita mapiko, vikavuka nao.

Taasisi ya muziki, basi, Mtwara inayo, na ni ya zamani kuliko wizara yoyote. Ila haina jina la ukoo mlangoni. Kuna sababu ya msingi. Wamakonde huhesabu ukoo upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Ufundi wa ngoma haushuki kwa baba kwenda kwa mwana kama shamba la mnazi. Unapita kwa mwalimu wa jando kwenda kwa wali wa mwaka ule, kwa nyakanga kwenda kwa msaidizi wake, kwa mjomba kwenda kwa mpwa mwenye mkono mwepesi. Likumbi ndilo chuo. Ukiutoa wimbo ndani ya likumbi umechukua wimbo. Mwalimu wake umemwacha palepale.

Hivyo ndivyo sindimba ilivyohama. Kikundi cha Taifa kilihitaji ngoma nyingi kutoka mikoa mingi, zichezwe na wasanii walewale, kwa dakika chache, mbele ya watu waliokaa kwenye viti. Ngoma iliyohusiana na sherehe za jando na unyago ikakatwa ikabaki yenye mwendo unaofundishika: mistari ya wachezaji, kiitikio kifupi, kiuno. Msukuma aliweza kuicheza, na Mchagga pia. Hilo ndilo lilikuwa lengo, na kwa lengo hilo ilifaulu kupita kiasi. Kiuno kile kililalamikiwa na baadhi ya watu kuwa ni cha aibu, na kiuno kilekile kikajaza kumbi. Vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vilivyotamba miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano Cultural Troupe cha Norbert Chenga, vilijua kwamba usiku bila sindimba mteja ataulizia kiingilio chake. Sindimba ikawa mali ya umma, na mali ya umma hupendwa na wengi, hutunzwa na wachache.

Hukwe Zawose yeye hakuhama na wimbo tu. Alihama na nyumba.

Kikundi cha Taifa kilipovunjwa, mahali pake pakachukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Hukwe akahamia huko, na Wazawose wakajenga maskani ya kudumu katika mji ule wa pwani, mbali kabisa na mbuyu na mtama wa Ugogo. Wake, watoto, wapwa na binamu wakaishi pamoja, na mazoezi yakawa sehemu ya siku kama kupika. Mtoto wa nyumba ile alisikia ilimba kabla ya kujua kuisema.

Ilimba yenyewe inastahili maneno machache, maana ndiyo iliyoibeba nyumba. Ni sanduku la mti lililopangwa vipande vya chuma vinavyobofywa kwa vidole gumba. Juu ya sanduku kuna matundu yaliyofunikwa utando mwembamba wa buibui, na utando huo ndio unaotia ule mvumo wa nyuki kwenye kila sauti. Si vipande vyote vinavyoguswa: vingine vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe jirani zao wakipigwa. Hukwe aliiongeza ukubwa na vipande, na zeze, ambalo kwa desturi lina nyuzi chache, akalitengeneza la nyuzi nyingi zaidi. Wanaodhani mila ni kitu kisichoguswa wangeshangaa karakana yake. Alikuwa fundi mwenye haraka, na hakuomba ruhusa ya mtu.

Katikati ya miaka ya 1980 yeye, Lubeleje Chiute na Dickson Mkwama walirekodi Uingereza albamu ya Tanzania Yetu. Wajapani nao wakamrekodi. Mwaka 1996 Real World ikatoa Chibite, na jina hilo likawa pia jina la kikundi cha familia. Mpwa wake Charles, aliyekuwa na sauti ya juu isiyochoka, akawa mwenzake wa jukwaani. Mwaka 2002 wawili hao walishirikiana na mpiga gitaa Mkanada Michael Brook katika albamu ya Assembly, na mwaka huohuo wakafungua maonyesho ya Peter Gabriel Marekani ya Kaskazini, kwenye kumbi za watu maelfu. Familia nzima ikatoa albamu yake pia. Ndugu wa kiume kwa wa kike, ngoma za muheme, njuga, filimbi na mazeze wote mstari mmoja.

Pigo likaja mfululizo. Hukwe akafariki mwishoni mwa 2003, Charles akamfuata mwaka 2004. Kwa hesabu ya kawaida kikundi kinachofiwa na sauti zake mbili kubwa ndani ya mwaka kinakuwa picha ukutani. Hakikuwa. Msafiri, mwana wa Hukwe, alikuwa tayari anapiga kila ala ya baba yake, na mwaka 2017 akatoa Uhamiaji kupitia kampuni ya Soundway, akiiweka ilimba kando ya vinanda vya umeme. Kuna waliosema amekwenda mbali mno. Waliosema hivyo walisahau kwamba baba mtu alikwisha kufanya jambo lilelile na Brook miaka kumi na mitano nyuma. Kisha wakaja Pendo na Leah. Maisha ilitayarishwa na Waingereza wawili, Oli Barton-Wood na Tom Excell, lakini kilichoipa uzito ni waitikiaji wa jana kuketi kwenye kiti cha mbele. Nyumba inayoweza kubadili zamu za watu wake bila kuvunjika ina haki ya kuitwa taasisi.

Chuo kilichowapokea kimekuwa na misukosuko yake. Ukumbi wake wa maonyesho uliteketea kwa moto mwaka 2002. Ukajengwa mwingine mkubwa zaidi. Mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali na kuitwa TaSUBa. Wanafunzi wake kutoka kila mkoa bado hujifunza sindimba, na hapa lazima haki itendeke: bila walimu wa Bagamoyo ngoma hiyo isingefika Mwanza wala Mbeya. Lakini mwanafunzi anayehitimu anajua hatua za sindimba bila kujua zilitoka kijiji gani, kwa nyakanga yupi, kwenye sherehe ya siku ya ngapi. Anayejifunza ilimba anaelekezwa mlango wa kubisha hodi.

Wagogo wenyewe hawakuiachia nyumba moja kila kitu. Chamwino, nje kidogo ya Dodoma, kuna tamasha la muziki wa Wagogo ambalo Kedmon Mapana, mwana wa huko na msomi wa muziki, amekuwa nguzo yake, na wanaopanda jukwaani ni vikundi vya vijiji, kila kimoja kwa jina lake.

Hata msondo, ngoma ya unyago ya kusini, ulipata mlezi mwenye jina, ila Zanzibar. Unyago wa visiwani ulikuja na watu waliotolewa bara, wakiwemo wa pande hizi za Ruvuma, wengi wao kwa minyororo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliwafunda wasichana kwa ngoma hizo miaka mingi kabla ulimwengu haujamjua kwa taarabu, na ngoma ndefu aliyoifunga kiunoni akiipiga kwa viganja ilijulikana kuliko nyumba yake ya Ng'ambo. Aliweka uso kwenye muziki ambao huku ulikotoka hauna uso.

Je, kizazi cha sasa cha Mtwara? Jina kubwa la kimuziki lililotoka mkoani ni Harmonize, aliyejiita Konde Boy na mwaka 2019 akaanzisha lebo ya Konde Music Worldwide. Kijana aliyelibeba kabila lake hadi kwenye nembo ya biashara amefanya jambo ambalo wizara haikulifanya. Ngoma za uwanda, hata hivyo, husikika kwa nadra katika kazi zake, na hana deni la kuzipiga. Anayeishi kwa soko hupiga kinachouzika.

Kilicho karibu zaidi na taasisi ya wazi ni tamasha la MaKuYa, linaloandaliwa na shirika la ADEA la Mtwara, ambalo jina lake limeunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao. Vikundi vya vijijini hushuka mjini hadi uwanja wa Nangwanda Sijaona na ngoma zao kamili, si vipande vya dakika tatu. Midimu huingia na wapigaji wake wenyewe. Mtu aliyezoea sindimba ya shuleni hupata mshtuko wa kwanza pale: mpigaji kiongozi haongozwi na wachezaji, ndiye anayewachokoza, hubadili pigo kusudi ili kinyago kijibu, na watu hushangilia jibu kuliko mchezo.

Hapo ndipo lilipo pengo, na kuliziba si jambo la fedha nyingi. Vikundi hutangazwa kwa kijiji na wilaya. Mpigaji ambaye watu wametembea kutoka Tandahimba kumsikia huondoka uwanjani akiwa "wazee wetu kutoka Tandahimba". Tanzania Yetu, albamu ya Hukwe na wenzake, iliandikwa majina matatu ya watu kwenye jalada. Kampuni ikajua nani alipwe, mwandishi akajua nani aulizwe, na mtoto akajua nani amrithi. Ngoma isiyo na majina haina wa kumlipa wala wa kumlilia.

Wapo watakaosema Wamakonde wana sababu ya kunyamaza, kwamba mambo ya likumbi hayaanikwi. Ni kweli, na yaliyo siri yabaki siri. Nyakanga hahitaji kufundishwa na gazeti lipi la kuficha. Lakini siku ya kutoka wali ni ya hadhara, wenye ngoma wanaonekana na kila mtu, na wengi wao wangependa kuulizwa. Muda pia hausubiri. Jando na unyago sasa vinabanwa na likizo za shule, mafunzo ya miezi yamekuwa ya wiki, na nyimbo zinazoachwa ni zile ndefu.

Maofisa utamaduni wa halmashauri za Mtwara, Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu wana simu zinazorekodi. Msimu wa mavuno ujao waende viwanjani kwa idhini ya wazee, warekodi yanayoruhusiwa, na chini ya kila wimbo waandike jina la aliyeupiga, aliyeuanzisha na aliyemfundisha. Na MaKuYa ikiitishwa tena Nangwanda Sijaona, mshereheshaji asimtangaze mpigaji kwa jina la kijiji. Amtangaze kwa jina lake.